Kiwanja Kwanza, Ukuta Baadaye: Miji ya Bastidi Ilivyopimwa

Novemba 1355, jeshi la Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza ambaye historia imemwita Mwanamfalme Mweusi, lilifika Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Carcassonne ilikuwa miji miwili. Juu ya kilima ulikaa mji mkongwe uliozungushiwa kuta mbili zenye minara mingi. Ng'ambo ya mto Aude, kwenye tambarare, ulikaa mji wa pili, mitaa yake imenyooka na viwanja vyake vimepangwa kwa safu. Wenyeji wa mji wa chini walimtolea Mwanamfalme dhahabu nyingi ili asiwachomee nyumba. Alikataa. Mji wa juu hakuugusa, wa chini ukateketea.

Mji huo wa chini ulikuwa umeshapita miaka mia moja tangu Mfalme Louis IX alipotoa ruhusa uanzishwe mwaka 1247. Ilikuwaje basi watu wa zama zile, waliozaliwa vitani na kufia vitani, wapange mji mzima hadi uchochoro wa mwisho, kisha wauache karne nzima bila kinga ya kutosha? Jibu limo katika utaratibu wenyewe wa kuunda miji ya aina hii, ambayo Wafaransa huiita bastidi. Wengi wanaoitazama leo huanza na ukuta na lango, kwa kuwa ndivyo vinavyopigwa picha. Naona hapo ndipo wanapopotea. Bastidi ilianza na mkataba, ikafuata kamba, vikapatikana viwanja, watu wakaitwa. Ukuta ulikuja mwisho, na pengine haukuja kabisa.

Bastidi zaidi ya 300 zilianzishwa kusini-magharibi mwa Ufaransa kati ya mwaka 1222, ulipoanzishwa mji wa Cordes, na 1373, ulipoanzishwa mji unaohesabiwa kuwa wa mwisho, Labastide-d'Anjou. Nchi hiyo ilikuwa imetoka katika vita virefu vya msalaba dhidi ya Wakathari, Wakristo ambao Kanisa liliwahesabu wazushi, vilivyoanza 1209 na kumalizwa kwa mkataba wa Paris wa 1229. Katika mkataba ule Raymond VII, mtawala wa Toulouse, alilazimishwa kubomoa kuta za miji yake mingi. Baada yake utawala ulimfikia Alphonse wa Poitiers, ndugu yake Louis IX, aliyeanzisha bastidi nyingi: Sainte-Foy-la-Grande mwaka 1255, Monflanquin mwaka 1256, na kadhaa baada ya hapo. Upande wa pili alikuwepo mfalme wa Uingereza, aliyekuwa pia mtawala wa Gascony. Mipaka kati ya wakubwa hawa wawili ilikuwa ikisogea kila kukicha.

Katika hali hiyo, mtawala mwenye msitu mtupu hana kitu. Mwenye familia 300 zilizokaa kwenye viwanja vilivyoandikishwa ana kodi ya kila mwaka, ana ushuru wa soko, ana faini za mahakama, na siku ya vita ana wanaume wa kuwaita. Tena ana hoja mbele ya jirani yake: ardhi hii ni yangu, tazama watu wangu wanaishi hapa. Mashindano ya kuteka nchi yakageuka kuwa mashindano ya kuvuta watu.

Tatizo ni kwamba mfalme mara nyingi hakuwa na ardhi pale alipotaka mji. Mwenye ardhi alikuwa kabaila wa eneo hilo au monasteri. Watawa wa Kisistersiani, kwa mfano, walikuwa na mashamba makubwa yaliyolimwa na ndugu wasio makasisi, lakini kufikia katikati ya karne ya 13 ndugu hao walikuwa wamepungua na mashamba yalianza kuwalemea. Hapo ndipo ulipoingia mkataba wa ubia. Monasteri ilitoa ardhi. Mfalme alitoa jina lake, ulinzi wake na maofisa wake. Mapato yakagawanywa. Bingwa wa mikataba hii alikuwa Eustache de Beaumarchais, seneshali wa Toulouse, yaani mwakilishi wa mfalme wa Ufaransa katika eneo hilo. Yeye ndiye aliyesimamia Mirande mwaka 1281, akishirikiana na monasteri ya Berdoues na mtawala wa Astarac, kisha Grenade-sur-Garonne mwaka 1290, pamoja na watawa wa Grandselve. Upande wa Waingereza, Monpazier ulizaliwa kwa ubia kati ya Mfalme Edward I, aliyewakilishwa na Jean de Grailly, na Pierre de Gontaut, bwana wa Biron. Vitabu vingine huutaja mwaka 1284, vingine 1285.

Mkataba ukishatiwa muhuri, kilichimbiwa ardhini kigingi kirefu chenye nembo ya waanzilishi. Wapiga mbiu wakazunguka vijijini kutangaza kwamba mji mpya unafunguliwa na kueleza masharti yake. Majina nayo yalichaguliwa kwa nia ya kuvuta. Wengine waliuita mji wao Villefranche, mji huru. Wengine walikopa sifa za miji mikubwa ya mbali: Fleurance kwa ajili ya Florence, Cologne, Pavie, Barcelonne, na Grenade yenyewe. Vigingi vingine vilioza pale pale vilipochimbiwa, kwa sababu watu hawakuja.

Baada ya kigingi, kazi ikawa ya mpimaji. Vifaa vyake vilikuwa vichache: kamba, mambo za mti, na fimbo ya kipimo. Ukichukua kamba yenye vipande 12 vilivyo sawa, ukaivuta kwa mambo tatu ili upande mmoja uwe na vipande 3, wa pili 4 na wa tatu 5, unapata pembe mraba bila chombo kingine chochote. Fundi wa msingi wa Tanga au Mombasa hufanya vivyo hivyo leo kwa futi kamba yake. Ugumu wa kazi ulikuwa katika masafa. Kosa la upana wa kidole kwenye kona ya nyumba halionekani, lakini likirefushwa mita 400 linakuwa kosa la kumnyang'anya mtu kiwanja. Ndiyo maana bastidi nyingi, ukizitazama kwenye ramani, si mraba kamili: mistari inapinda kidogo, vitalu vya ukingoni vinatoka vyembamba au vinene kuliko ndugu zao.

Monpazier ndio unaosomeka vizuri kuliko yote, kwa hiyo inafaa tukae hapo kidogo. Mji ni mstatili wa mita 400 kwa 220 hivi. Barabara kuu zimekwenda sambamba na upande mrefu, zikakatwa na barabara za kukingama, na ardhi ikagawanyika kuwa vitalu virefu. Ndani ya kila kitalu viwanja vimepangwa kwa safu, vya upana mmoja na kina kimoja. Mbele ya kiwanja ni barabara kuu ya mikokoteni. Nyuma yake ni njia nyembamba ya huduma: ya kupitisha mbolea, kuni na mifugo. Katika bastidi kwa jumla barabara za mikokoteni zilikuwa za mita 6 hadi 10, na njia za nyuma za mita 2 hivi. Mpimaji alitenganisha magari na uchafu tangu siku ya kwanza, kabla hajajenga hata mtu mmoja, na hilo ndilo jambo ninalomsifu kuliko mengine yote.

Kati ya nyumba na nyumba aliacha ufa wa sentimita 30 au 40. Mtu mzima hapenyi humo ila kwa ubavu. Ufa huo ulifanya kazi nyingi kwa gharama ya ardhi kidogo sana. Maji ya paa na ya jikoni yalitiririkia humo hadi barabarani. Moto ulipowaka nyumba moja ulichelewa kurukia ya pili. Na kila jirani alikuwa na ukuta wake mwenyewe, hivyo kesi za nani atengeneze ukuta wa pamoja hazikuwepo. Katika mji ambao watu wote ni wageni, wametoka vijiji tofauti na hawajuani, kupunguza sababu za kugombana ni kazi ya mpimaji pia.

Uwanja wa soko ulipatikana kwa njia rahisi ajabu: kitalu kimoja karibu na katikati kiliachwa bila kujengwa. Matokeo yake ni kwamba barabara haziukati uwanja katikati. Zinaugusa kwenye kona na kupita kandokando yake, na eneo lote la ndani linabaki huru kwa biashara. Pande zote za uwanja nyumba zimejengwa juu ya matao, chumba cha ghorofani kikiwa juu ya njia ya watu wote. Mwenye nyumba alipata nafasi zaidi juu, mfanyabiashara akapata kivuli na kinga ya mvua chini, na utawala ukapata wa kumtoza ushuru. Kwenye kona, nyumba mbili zinakaribiana hadi karibu zigusane, zikiacha upenyo tu wa kuingilia. Upande mmoja limesimama banda la soko la mbao, na ndani yake bado vimo vyombo vya kupimia nafaka. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, na kilikaa hadharani.

Kanisa je? Limewekwa kando, kwenye kitalu kinachogusana na uwanja kwa kona. Katika miji mingi ya zamani ya Ulaya kanisa au ngome ndiyo iliyoshika katikati na nyumba zikajibanza kuizunguka. Hapa katikati ni soko, na ngome haipo kabisa. Bwana wa Biron aliendelea kukaa Biron, kilomita kadhaa nje ya mji. Huwezi kusoma ramani ya Monpazier bila kuona nani alikuwa akitafutwa kwa ramani hiyo.

Grenade-sur-Garonne inafundisha jambo jingine, nalo ni la hesabu. Vitalu vyake havina urefu mmoja: kuna vya mraba, kuna virefu kidogo, kuna virefu zaidi. Wachunguzi walioupima mpango wake wameonyesha kwamba urefu huo unaweza kuelezwa kwa kamba peke yake. Chukua mraba wa pande 100. Vuta kamba kutoka kona hadi kona, utapata 141. Laza urefu huo uwe upande mrefu wa kitalu kinachofuata, upana ukibaki 100. Vuta tena kona kwa kona, unapata 173. Rudia mara moja zaidi, unapata 200 kamili, yaani mara mbili ya ulipoanzia. Mpimaji hahitaji kujua kugawanya wala kuandika namba yoyote. Ulalo wa kitalu kimoja unazaa urefu wa kinachofuata, na safu ya mwisho humpa nafasi ya kujikagua, kwa kuwa lazima ilingane na mara mbili ya safu ya kwanza. Mirande, iliyotoka mikononi mwa Eustache huyo huyo, ilichukua njia nyepesi zaidi: vitalu vya mraba vya mita 50 hivi, vikirudiwa.

Penye mlima, kamba ilitii mlima. Cordes umelala juu ya mgongo wa kilima kama ulivyo, mrefu katikati na mwembamba miishoni. Monflanquin umekaa juu ya kilima cha duara, barabara zikajipinda kufuata mteremko, ila uwanja wa soko na matao yake vikabaki. Hilo linatuonyesha kipi kilikuwa cha lazima na kipi kilikuwa cha hiari. Mistari iliyonyooka ilikuwa ya hiari. Soko, kiwanja chenye kipimo kinachojulikana, na njia ya kukifikia vilikuwa vya lazima.

Mkaaji mpya hakupewa kiwanja cha nyumba tu. Alipata na bustani ya mboga karibu na mji, na shamba mbali kidogo. Pamoja na hivyo alipata hati ya mji, ambayo kwangu ni sehemu ya ramani sawa na barabara. Hati hizo kwa kawaida zilimruhusu mkaaji kuuza mali yake, kumwoza binti yake amtakaye, kurithisha, na kuchagua wawakilishi wa mji. Zilitaja siku ya soko, kiwango cha faini kwa kila kosa, na kodi ya mwaka kwa kila kiwanja. Kwa vile viwanja vilikuwa sawa, kodi ilikuwa sawa, na mtu asiyejua kusoma aliweza kuhesabu anachodaiwa kwa kutazama upana wa mlango wake na wa jirani. Na hati ilikuwa na meno: mkaaji aliwekewa muda wa kujenga, asipojenga alipigwa faini. Kiwanja kisicho na nyumba hakikuleta mtu sokoni.

Turudi kwenye ukuta. Ukuta wa mawe ulikula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote mjini, na waanzilishi, ambao walikuwa wameingia ubia ili wapate mapato, hawakuwa na haraka ya kuzitoa. Mara nyingi walisaidia malango, wakawaachia wenyeji kazi ya kuzungusha ukuta kwa ushuru waliojitoza wenyewe, hasa kwenye mvinyo na bidhaa za sokoni. Mji ulilazimika kwanza uwe tajiri kiasi ndipo ujikinge. Bastidi nyingi zilizungushiwa kuta vita vilipokaribia, kwanza vile vya Gascony vilivyoanza 1294, kisha Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, vilivyoanza 1337. Hapa mpango wa kamba ulisaidia tena: ukingo wa mji ulikuwa umeshanyooka, na barabara kuu zilikwisha kuonyesha malango yatakaa wapi. Waliochelewa waliyaona ya Carcassonne. Mji huo wa chini ulijengwa upya baada ya moto, na safari hii ulijengwa mdogo kuliko wa kwanza na kuzungushiwa kuta.

Na ukuta nao haukuwa dawa ya kila kitu. Domme, ulioanzishwa na Mfalme Philip III mwaka 1281 juu ya jabali linalotazama mto Dordogne, ulipewa kuta imara na malango mazito upande wa nchi kavu. Upande wa jabali haukupewa kitu, kwa kuwa walidhani mwamba unatosha. Mwaka 1588, katika vita vya dini, kapteni wa Kiprotestanti Geoffroy de Vivans aliwapandisha watu wake kwenye jabali hilo usiku, wakafungua malango kutoka ndani.

Ili kuona wazi kwamba mpangilio huu ulikuwa chaguo, tumtazame Edward I akifanya kinyume chake. Mfalme huyu alijali sana kazi ya kupima miji. Alipotaka kuhamisha mji wa Winchelsea, kusini mwa Uingereza, uliokuwa ukiliwa na bahari, alimtumia miongoni mwa wengine Henry le Waleys, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya wa London na pia wa Bordeaux. Mji mpya uligawanywa kuwa vitalu 39, na orodha ya kodi ya 1292 inataja viwanja takriban 800. Mwaka 1296 aliwaagiza watu wa London wamteulie mabingwa wanaojua namna bora ya kupanga mji mpya. Ujuzi huo ulikuwa umeshatambuliwa kuwa taaluma.

Lakini huko Wales, alikokuwa amemshinda Llywelyn, mtawala wa nchi hiyo, mwaka 1282, aliutumia ujuzi huo kwa mkono mwingine. Huko Conwy, kati ya 1283 na 1287, bwana James wa Saint George, mjenzi kutoka Savoy, alisimamia ujenzi wa ngome na ukuta wa mji kwa pamoja: kilomita 1.3 za ukuta, minara 21, malango matatu. Gharama ilifika pauni 15,000 hivi, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Monasteri ya Wasistersiani iliyokuwa mahali hapo ilihamishwa kupisha ujenzi. Viwanja vilipimwa ndani ya ukuta na kugawiwa Waingereza, na Wawelisi wakakatazwa kukaa humo. Soko lilikuwepo, hati ilikuwepo, mitaa ilinyooka, lakini yule mwanakijiji wa jirani, ambaye Gascony alikuwa akibembelezwa na wapiga mbiu, hapa alikuwa ndiye adui. Caernarfon, mji dada wa Conwy, ulivamiwa na kuchomwa katika uasi wa Wawelisi wa 1294, licha ya ukuta wake.

Kuta za Conwy zimesimama karibu nzima hadi leo na tangu 1986 zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kama kazi ya mawe, sijui mfano bora katika karne ile. Kama kazi ya kupanga mji, nampa ushindi mpimaji wa Gascony, aliyeanza na mkaaji. Huko Villeneuve-sur-Lot, bastidi ya Alphonse wa Poitiers, kuta zilibomolewa na yakabaki malango mawili tu ya zamani. Mitaa iliyopimwa karne ya 13 ingali inatumika, na uwanja wenye matao ungali katikati ya mji.